Askofu Steere na Kanisa la Mkunazini

1. Mkondo wa Pemba

Kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Pemba uko mji wa Micheweni. Nchi yake ni ya mawe na udongo mchache, na watu wake tangu zamani wamezoea kuvua samaki kuliko kuchuma karafuu. Lakini mtu akishika njia ya magharibi huingia katika vilima na mabonde yenye mikarafuu mingi, na mbele ya vilima hivyo uko mkondo wa bahari utengao Pemba na Bara. Mkondo huo una kina kirefu, lakini si mpana sana. Jahazi likipata upepo mwema huweza kuondoka Bara jua likichwa, na kufika Pemba kabla ya kupambazuka.

Katika karne ya kumi na tisa majahazi mengi yaliuvuka mkondo huo kwa siri, na shehena yao haikuwa mpunga wala nazi, bali wanadamu. Wanaume, wanawake na watoto walikamatwa huko Bara, wengi wao karibu na ziwa la Nyasa, wakatembezwa kwa miguu safari ndefu mpaka pwani, wakauzwa. Waliofika Pemba walitiwa katika mashamba ya karafuu. Wengi hawakuwaona tena wazazi wao wala vijiji vyao.

Miongoni mwa watu waliojitoa kuwasaidia wenye taabu hiyo, mmoja alikuwa Edward Steere, askofu wa tatu wa misheni iitwayo U.M.C.A. Hakuwa askari, wala hakuwa na manowari. Kazi yake ilianza pale ilipokoma kazi ya askari. Maana mtu akiisha kufunguliwa minyororo, bado yako maswali matatu: atakula nini, atalala wapi, naye atakuwa ndugu wa nani? Habari za Steere ni habari za kanisa moja lililojaribu kuyajibu maswali hayo.

2. Mwanasheria aliyeiacha sheria

Edward Steere alizaliwa katika mji wa London, Uingereza, tarehe 4 Mei, 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye mwana akaifuata njia ya baba. Alisoma kwa bidii, akashinda mitihani yake, na katika mwaka 1850, alipokuwa na miaka ishirini na miwili tu, alipata daraja ya udaktari wa sheria, akapewa ruhusa ya kusimamia kesi barazani. Watu waliomjua walitazamia ya kuwa atakuwa mtu mkubwa mwenye mali.

Lakini moyo wake haukutulia katika kazi hiyo. Alipenda kuwasaidia maskini, tena alipenda kazi za mikono. Alijifunza kupiga chapa, akaweza kuzipanga herufi za risasi na kuliendesha gurudumu la chapa mwenyewe. Ujuzi huo ulionekana kuwa mchezo tu kwa mwanasheria, lakini siku zilikuja ambapo ulimfaa kuliko vitabu vyote vya sheria.

Katika mwaka 1856 akafanywa shemasi, na katika mwaka 1858 kasisi. Akapelekwa Skegness, kijiji kilichokuwa pwani ya mashariki ya Uingereza, chenye wavuvi na wakulima. Watu wa Skegness walimpenda kwa kuwa hakujitenga nao. Palipokuwa na kazi alivua koti, akakunja mikono ya shati, akafanya pamoja nao. Mwaka huo huo wa 1858 akaoa.

Siku zile habari za utumwa wa Afrika zilikuwa zimeenea Uingereza. Katika mwezi wa Desemba, 1857, msafiri David Livingstone alikuwa amesema na wanafunzi wa Cambridge, akawataka waende Afrika. Kwa ajili ya maneno yake misheni ikaanzishwa, na askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, akaenda na wenzake katika nchi iliyo kusini ya ziwa la Nyasa. Lakini walikuta vita, njaa na homa. Mackenzie alikufa tarehe 31 Januari, 1862, naye alikuwa hajatimiza mwaka mmoja katika nchi ile.

Aliyechaguliwa kushika mahali pake alikuwa William Tozer, rafiki yake Steere na jirani yake katika kazi ya kanisa. Steere hakutaka rafiki yake aende peke yake. Akaahidi kumsindikiza kwa muda mfupi, kisha arudi nyumbani. Mke wake akabaki Uingereza. Safari ile ya muda mfupi ikawa kazi yake mpaka kufa.

3. Watoto watano

Tozer na Steere walifika kwanza katika nchi ya mto Shire, wakaona ya kuwa misheni haiwezi kukaa huko wakati ule. Ndipo Tozer alipokata shauri kuihamisha mpaka Unguja, kwa kuwa Unguja palikuwa mlango wa Bara: njia zote za biashara zilianzia au ziliishia hapo. Wakashuka bandarini tarehe 31 Agosti, 1864.

Hawakuwa wamekaa siku nyingi walipopata wageni wasiowatazamia. Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, aliwapa watoto watano wanaume, waliotwaliwa katika jahazi la wafanya biashara ya watumwa. Misheni ilikuja kufundisha, na mara ikajikuta ina watoto watano wa kulisha, kuvika na kulea. Watoto wenyewe waliogopa sana. Walikuwa wameuzwa na kununuliwa, wakapita katika mikono ya watu wengi, na katika mikono hiyo hawakupata wema. Kwa nini waamini ya kuwa hawa wageni weupe ni watu wengine?

Basi shule ya kwanza ya misheni katika Unguja ilianza hivyo, kwa watoto watano wenye hofu. Baada yao wakaja wengine, wavulana na wasichana, kila mara manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi baharini. Katika mwaka 1866 misheni ikapata mahali Kiungani, nje kidogo ya mji, ikaweka shule ya wavulana.

Palikuwa na shida moja kubwa. Watoto wale walitoka katika makabila mbali mbali. Huyu alisema Kiyao, huyu Kinyasa, huyu Kimakua. Hawakuweza kusikilizana wao kwa wao, wala mwalimu hakuweza kusikilizana nao. Steere akaona ya kuwa lugha moja tu iliweza kuwaunganisha, nayo ni Kiswahili, iliyosemwa na watu wote wa mjini. Mtoto asiye na ndugu angepata ndugu kwa njia ya lugha hiyo.

Akaanza kujifunza kama mtoto wa shule. Alikaa na wazee wa Unguja na mafundi na watu wa kawaida, akawasikiliza. Wakamsimulia hadithi zao, naye akaziandika kama zilivyosimuliwa, pasipo kuzibadili. Waswahili walikuwa na maandiko yao tangu zamani kwa herufi za Kiarabu. Steere aliyaandika maneno ya Kiunguja kwa herufi za Kirumi, ili watoto wa shule wapate kuyasoma upesi. Kisha akaleta kazi yake ya ujana: akawafundisha wavulana kupanga herufi na kupiga chapa. Watoto waliokuwa wameuzwa kama bidhaa wakawa mafundi wa kutengeneza vitabu. Katika mwaka 1867 walipiga chapa hapo Unguja hata kitabu cha maneno ya Kishambala.

Katika mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, lakini hakuyaacha mambo ya Unguja. Katika mwaka 1870 vilitoka London vitabu vyake viwili: kimoja cha kufundisha lugha ya Kiswahili, na kimoja cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja.

4. Tufani

Wakati huo miaka ya taabu ilikuwa imeushika mji wa Unguja. Katika miaka ya 1869 na 1870 ulikuja ugonjwa wa kipindupindu. Maelfu ya watu walikufa, matajiri kwa maskini.

Mji ulikuwa haujapona vizuri, ikaja tufani. Tarehe 15 Aprili, 1872, upepo mkali usio na mfano ukaipiga Unguja. Merikebu na majahazi yaliyokuwa bandarini yakavunjika, na za Sultani pia. Nyumba zikaezuliwa, na majengo ya misheni yakaharibika. Mikarafuu na minazi ikang'oka kwa maelfu. Mti wa karafuu hautoi mazao mwaka upandwapo, bali huhitaji miaka mingi. Kwa hiyo hasara ile haikuweza kurudishwa upesi.

Lakini tufani ile haikuiumiza sana Pemba. Mikarafuu ya Pemba ilibaki imesimama, na bei ya karafuu ikapanda. Wenye mashamba wakataka kupanda zaidi na kuchuma zaidi, na kwa ajili ya hayo wakataka watu zaidi wa kufanya kazi. Hivyo upepo ulioangusha miti ya Unguja ukawa sababu ya watumwa wengi zaidi kupelekwa Pemba. Mara nyingi msiba wa mahali pamoja huleta msiba wa namna nyingine mahali pengine, na wanaoumia zaidi ni wale wasio na nguvu.

Katika mwaka huo huo Steere alikuwa Unguja tena. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, wenzao wengine walikuwa wamekufa au wamerudi kwao, na kazi ikamwelemea yeye. Tozer akajiuzulu katika mwaka 1873, na Steere akawekwa kuwa askofu katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 24 Agosti, 1874.

5. Soko la Mkunazini

Katika mtaa wa Mkunazini palikuwa na uwanja uliojulikana na kila mtu. Lilikuwa soko la watumwa. Watu walioletwa na majahazi waliketishwa hapo kwa safu, na madalali wakawatembeza na kutaja bei zao. Mnunuzi alimtazama mtu meno na mikono, akamwambia atembee, akamwamuru ainue kitu kizito, kama mtu anunuaye punda. Mama aliweza kwenda kwa mnunuzi mmoja na mtoto wake kwa mwingine.

Tarehe 5 Juni, 1873, Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia mkono katika mapatano na Uingereza, na balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja alikuwa John Kirk. Kwa mapatano hayo ilikatazwa kuwasafirisha watumwa baharini, na masoko yao yakafungwa. Uwanja wa Mkunazini ukawa mtupu.

Misheni ikakusudia kupapata mahali pale. Kasisi mmoja aliyeitwa Arthur West alinunua sehemu ya uwanja, na tajiri mmoja wa Kihindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine kuwa zawadi. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi, 1873, miezi sita tu baada ya soko kufungwa.

Steere alishiriki katika kulichora kanisa lile, akasimamia ujenzi wake. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yale yale ambayo Waunguja hujengea nyumba zao. Lakini paa lilikuwa na matata. Boriti za mikoko ni fupi, hazifiki upande wa pili wa kanisa pana, na mbao huliwa na mchwa. Ndipo Steere alipoazimia kujenga paa la duara, mfano wa pipa lililopasuliwa, kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, pasipo boriti hata moja. Watu wengi walisema ya kuwa litaanguka siku ile magogo ya kulitegemeza yatakapoondolewa.

Kazi ilichukua miaka sita. Husimuliwa ya kuwa siku moja askofu alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo ndogo za mawe juu chini, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Nguzo hizo zingaliko, na wageni huonyeshwa. Siku ya Krismasi, 1879, kanisa likafunguliwa, na paa halikuanguka. Mahali palipopigwa kelele za bei za watu, watu wakaimba kwa Kiswahili. Na wengine katika hao walioimba walikuwa wamewahi kuuzwa wenyewe.

6. Mbweni na Kiungani

Lakini jengo si kanisa. Watu ndio kanisa. Steere alijua ya kuwa soko lililofungwa mjini halikuukomesha utumwa. Mapatano ya 1873 yalikataza kusafirisha watumwa, lakini hayakuwaweka huru waliokuwa watumwa tayari. Tena wafanya biashara waligeuza njia tu: waliwatembeza watumwa Bara, toka Kilwa mpaka karibu na Pangani, kisha usiku wakawavusha mkondo kwenda Pemba.

Kwa sababu hiyo manowari moja ya Kiingereza, iliyoitwa London, iliwekwa Unguja kwa miaka mingi, na mashua zake zilizunguka Pemba na kuzivizia njia za majahazi. Ilikuwa kazi ya hatari. Tarehe 3 Desemba, 1881, kapteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa baharini karibu na Pemba alipotaka kulikagua jahazi moja.

Watu waliotolewa katika majahazi walifikishwa Unguja kwa balozi. Wengi walikuwa wamekonda kwa njaa, wengine wagonjwa, wengine watoto wasiojua jina la nchi yao. Kurudi kwao hakukuwezekana, maana njia ilikuwa ndefu, na aliyewakamata mara ya kwanza angeweza kuwakamata mara ya pili. Balozi aliwagawa katika misheni. Mapadre Wakatoliki waliwapokea Bagamoyo, ambako kazi yao ilianza katika mwaka 1868. Na misheni nyingine ya Kiingereza iliwapokea Freretown, karibu na Mombasa, tangu mwaka 1875. U.M.C.A. iliwapokea Unguja.

Katika mwaka 1871 misheni ilikuwa imenunua shamba huko Mbweni, kusini ya mji, ufukoni. Hapo Steere aliwakalisha watu wazima. Wakajenga vibanda vyao, wakapata viwanja vya kulima, wakafanya kazi kwa ujira. Wanaume wengine wakajifunza uashi na useremala. Wasichana wakawa na shule yao hapo hapo, na katika mwaka 1877 akaja mwalimu, Bibi Caroline Thackeray, aliyewatumikia watu wa Mbweni mpaka uzee wake. Wavulana wakabaki Kiungani, na wale wenye akili ya masomo wakatayarishwa kuwa walimu.

Haikuwa kazi nyepesi. Mtu aliyeishi kwa kuamriwa kila siku huona taabu kujiamulia mambo yake. Wengine waligombana, wengine walitoroka, wengine walikufa kwa maradhi waliyokuja nayo. Fedha zilikuwa chache, na walimu waliotoka Uingereza walikufa kwa homa mmoja baada ya mwingine. Tena palikuwa na hatari nyingine iliyojificha: kwamba misheni yenyewe ingeweza kugeuka kuwa bwana mpya, na waliokombolewa kuwa watu wa kungojea amri na posho. Steere hakutaka iwe hivyo. Alitaka kila mtu ajue kazi, apate haki ya jasho lake, awe na mke au mume na nyumba yake, na aweze kusimama mwenyewe.

7. Njia ya kurudi

Wako waliokombolewa ambao walitamani kurudi katika nchi za wazee wao. Steere aliona ya kuwa tamaa hiyo ni ya haki. Katika mwaka 1875 alisafiri mwenyewe, akatembea kwa miguu toka Lindi mpaka mji wa Mataka, mfalme wa Wayao, ili aijue njia na watu wake.

Katika mwezi wa Oktoba, 1876, akaondoka tena Unguja, naye amefuatana na watu wazima zaidi ya hamsini waliokombolewa, wanaume kwa wanawake. Walishuka Lindi, wakashika njia ya Bara. Wengi wao walikuwa wamewahi kusafiri kati ya pwani na Bara, lakini safari ile ya kwanza walielekea baharini wamefungwa. Sasa walielekea kwao wakiwa huru, na mizigo waliyochukua ilikuwa mali yao.

Walipofika Masasi waliona nchi nzuri, yenye maji na milima mikubwa ya mawe. Watu wakapendezwa, wakaomba kukaa hapo. Shauri la kwanza lilikuwa kufika mbele zaidi, upande wa Nyasa, lakini askofu akakubali matakwa yao. Wakagawana viwanja, wakajenga, wakalima. Huo ndio mwanzo wa kazi ya misheni katika Masasi.

8. Kufa kwake, na mambo yaliyofuata

Katika kazi hizo zote Steere hakuacha kuandika. Mchana alikuwa katika ujenzi, au shuleni, au barabarani akisema na watu. Tena aliendelea na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Waislamu wa mjini walikuwa na dini yao, wala wachache tu ndio waliofuata mafundisho yake. Lakini walipenda kumsikia mgeni asemaye Kiunguja safi, nao walihojiana naye kwa adabu.

Mwili wake ulichoka. Tarehe 27 Agosti, 1882, alikufa Unguja, naye alikuwa na miaka hamsini na minne. Akazikwa katika kanisa la Mkunazini, nyuma ya altare, katika uwanja ule uliokuwa soko. Agano Jipya lake la Kiswahili lilitoka London katika mwaka uliofuata, 1883.

Alikufa kabla ya kuona msiba mmoja mkubwa. Katika mwezi wa Septemba, 1882, wiki chache tu baada ya kuzikwa kwake, watu wa vita waliitwao Magwangwara waliiangukia Masasi. Wengine waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, na kijiji kikateketezwa. Mtu angeweza kusema ya kuwa kazi yote imepotea. Lakini haikupotea. Walimu walitafuta mateka na kuwakomboa waliowapata, wengine wakahamia Newala, na baadaye kazi ya Masasi ikaanzishwa tena. Kijiji kinaweza kuchomwa moto kwa siku moja. Lakini watu waliojifunza kusaidiana hukijenga tena.

Wale watoto wa shule nao wakakua. John Swedi, mmoja wa wavulana wa kwanza, alifanywa shemasi katika mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto na kusoma Kiungani, alifanywa kasisi katika mwaka 1890, katika kanisa lile la Mkunazini, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupata daraja hiyo. Mahali ambapo watoto kama yeye walitajiwa bei, yeye alisimama kuwa mchungaji.

Lugha nayo ikaenda mbali. Kiunguja ambacho Steere alikiandika kwa kuwasikiliza watu wa mjini kilichaguliwa mjini Mombasa katika mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule katika Afrika ya Mashariki.

Na Pemba je? Katika Pemba saa ya uhuru ilichelewa. Miaka kumi na mitano baada ya kufa kwa Steere, tarehe 6 Aprili, 1897, Sultani Hamoud alitoa sheria ya kuwa baraza halitakubali tena haki ya mtu kummiliki mwenziwe katika Unguja na Pemba. Hata hivyo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Wale waliopata uhuru Pemba walikutana na maswali yale yale matatu ya watu wa Mbweni. Ndipo Wakristo waitwao Marafiki walipokuja, wakapata shamba la Banani, karibu na Chake Chake, wakawapa watu kazi ya ujira na mahali pa kukaa, na shule kwa watoto wao. Misheni ya Steere nayo ikafika Wete.

Leo majahazi huuvuka mkondo wa Pemba mchana kweupe, na wavuvi wa Micheweni hutweka matanga yao pasipo hofu. Mkunazini ungali una kanisa lake, na paa lililosemwa ya kuwa litaanguka lingali juu ya kuta zake. Wengine walifungua minyororo kwa sheria na kwa manowari, na kazi yao ilikuwa njema. Lakini mnyororo hufunguliwa kwa saa moja. Kumpa mtu chakula, nyumba, kazi na ndugu ni kazi ya miaka. Steere alichagua kazi hiyo ya miaka, naye akaifanya mpaka mwisho.